Kenge wa savana amenenepa na anasusa wadudu: nimbadilishieje chakula?

Kenge_Mwekundu:
Habari wadau. Nina kenge wa savana wa miezi 10, sentimita 60 pamoja na mkia. Anakula panya 3 kwa wiki, siku nyingine nyama ya ng'ombe ya kusaga. Shina la mkia limevimba kwa mafuta, tumbo linaburuta akitembea. Wadudu hawagusi. Chini ya taa anapootea, kipimajoto kinasoma nyuzi 38. Nianzie wapi?

Mbawakawa:
Nyama ya kusaga iondoe leo hii, mkuu. Haina mfupa, hivyo fosforasi yake inazidi kalsiamu zaidi ya mara 10, wakati kenge anahitaji kalsiamu iwe karibu mara 2 ya fosforasi. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, mwili huichota mifupani: vidole hutetemeka, taya hulainika, mgongo hupinda.

Panya mzima ana mifupa yake, ubaya wake ni mafuta. Porini kenge huyu hula zaidi nyenje, mbawakawa, majongoo, nge na konokono. Mafuta ya ziada huishia kwenye ini, na ini likishajaa mafuta kulirudisha ni kazi kubwa.

Kwa kususa: kama bado ana nguvu, mwache siku 5 hadi 7 bila chakula, maji yawepo muda wote. Kisha mwekee mende wa dubia au nzige wakubwa, wanaotembea, saa moja au mbili baada ya taa kuwaka, mwili ukiwa umeshika joto. Akisusa, watoe wote (nyenje waliobaki humtafuna usiku), ujaribu tena kesho. Usimhurumie ukampa panya katikati, maana atajua kwamba akisusa analetewa panya. Akishazoea, mlishe mara 4 kwa wiki, kiasi anachomaliza kwa dakika 10 hivi. Panya mmoja mdogo kwa mwezi anatosha, na hata asipompata hapungukiwi kitu.

Wadudu nao wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Walishe mboga za majani na karoti siku moja au mbili kabla, halafu watikise kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu dakika ile ile ya kulisha. Ukiwapaka mapema, wanajisafisha na unga unaishia chini.

Jua_la_Asubuhi:
Yote hayo ni sawa, lakini nyuzi 38 ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Pale anapootea panatakiwa pafike nyuzi 50 hadi 60, ukipima uso wa jiwe au ubao wenyewe kwa kipimajoto cha infraredi, si hewa. Upande wa baridi uwe 24 hadi 28. Bila joto hilo chakula hakisagiki vizuri na mnyama hana hamu ya kutembea, kwa hiyo hata hao wadudu hawatampunguza. Taa ya UVB nayo iwepo, yaani ya mionzi inayoisaidia ngozi kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini D3 kalsiamu unayompa haifyonzwi ipasavyo.

Na udongo? Unatakiwa uwe na kina cha sentimita 60 hivi, wenye unyevu wa kutosha shimo lisibomoke. Kenge anayeishi kwenye hewa kavu huku akila protini nyingi hushindwa kutoa asidi ya yuriki, taka inayotokana na protini. Asidi hiyo hugandia kwenye figo na viungo, na hilo ndilo jongo.

Kenge_Mwekundu:
Asanteni sana. Na mayai, samaki?

Mbawakawa:
Yai la kuchemsha, kipande, mara moja moja. Ute mbichi ukizoeleka huzuia mwili kupata biotini, mojawapo ya vitamini B. Samaki wa dhahabu na jamii yake waache: wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kugandisha hakukiondoi.

Mpime uzito kila wiki, siku ile ile. Ukiona kiungo chochote kimevimba au anaburuta mguu, usimfungishe chakula kwanza. Mpeleke kwa daktari wa wanyama apimwe damu.