Kofia ya zawadi: ninunue au nishone kwa mkono?

Binti Langoni
Assalaam alaykum. Nataka kumtunuku kaka yangu kofia ya viua, ile ya vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, aivae Maulidi, mfungo sita. Zimebaki wiki kumi. Kutarizi foronya najua, kofia sijawahi. Ninunue au nishone? Kichwa chake ni sentimita 57.

Uzi Mweupe
Waalaykum salaam, dadangu. Kofia iliyojaa viua humla fundi mzoefu zaidi ya mwezi. Ukiitaka hiyo, nunua, lakini usiuziwe ya cherehani kwa bei ya mkono. Igeuze ndani: ya cherehani mishono yake hufanana mwanzo mwisho. Iinue juani: kiua cha kweli kimetobolewa, mwanga hupita. Tazama na mshono wa nyuma. Ua likikatwa katikati, aliyeshona hakupima.

Baraza ya Mkomani
Mimi nasema ashone, ila achague pambo lenye nafasi. Mkono wa foronya unatosha.

Bafta, yaani kitambaa cheupe cha pamba, nusu mita, tabaka mbili. Ifue kwa maji ya moto kabla ya kuchora, pamoja na uzi mnene wa pamba wa kutia ndani. Uzi usiofuliwa hurudi baadaye, kofia nzima ikafanya makunyanzi. Chora kwa penseli, wino huchuja.

Kosa kubwa ni kukata mapema. Kutarizi hukaza kitambaa, kofia ikaja kubana. Chora pambo la ukanda, yaani sehemu inayozunguka kichwa, katika urefu wa sentimita 58, ligawe mafungu 19 yaliyo sawa, kimo 9. Tarizi mafungu matatu kwenye kipande kingine cha kitambaa kwanza, uone yanapungua kiasi gani. Ukimaliza ukanda ndipo upime 57, uache sentimita moja ya mshono kila upande, ukate. Duara la juu ni kipenyo cha 18, nalo uliachie sentimita moja kuzunguka.

Kiua kitoboe kwa sindano nene inayosukuma nyuzi kando. Tundu la mkasi hufumuka upesi kwenye kufua. Mistari ya kuvimba: shona mistari miwili iliyoachana milimita 3, kisha upitishe ule uzi mnene kati ya tabaka kwa sindano butu, upande wa ndani. Usiuvute sana.

Binti Langoni
Ahsanteni. Je, nikitarizi mwenyewe, kuunga nimpe fundi?

Uzi Mweupe
Hapo nakubaliana na mwenzangu, shona. Na kuunga mpe fundi, kwani duara likienda upande kidogo tu kofia haikai sawa kichwani. Mpelekee wiki mbili kabla, mafundi hujaa kazi karibu na Maulidi.

Ikirudi, ifue kwa sabuni laini, bila klorini, maana hula uzi. Koroga vijiko viwili vya wanga wa muhogo katika maji baridi kidogo, mimina kwenye lita moja inayochemka, ipoe. Chovya kofia, ikamue kwa viganja bila kuisokota, ivike sufuria yenye mzingo wa 57 ikauke kivulini.