Mbao za stesheni za mchwa zinaoza kwa udongo, bado zinafanya kazi?

Mama_Mamboleo (Kisumu)
Wadau habari zenu. Niko Mamboleo, kuna kampuni ilituwekea zile stesheni za mchwa kuzunguka nyumba, vile vikopo vya plastiki vinazikwa kwa udongo na ndani kuna vipande vya mbao. Sasa na hizi mvua ndefu, na udongo wetu ni ule mweusi ukishika maji hauachi, nimefungua moja upande wa gata nikapata mbao imelainika unaidonoa na kidole, iko na manyoya meupe na mahali pengine kijani, inanuka uvundo. Mchwa hakuna hata mmoja. Jamaa wa kampuni akikuja anafungua, anaandika "hakuna mchwa" kwa kadi, anaenda. Lakini nyuma ya stoo njia za udongo mbichi zinapanda ukuta mpaka kwa fremu ya mlango! Hii mbao iliyooza inafukuza mchwa ama inawaita? Na nikiipaka oil chafu isioze itasaidia?

fundi_wadudu_Nakuru
Pole mama. Oil chafu usiguse kabisa, na dawa ya ukungu pia achana nayo. Hicho kipande kimewekwa hapo kiliwe, ukikipaka kitu cha harufu mchwa anapita kando.

Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 kuvu haiishiki, lakini ukifika kama 30 kupanda na hewa iko, inaanza kuliwa. Stesheni iko na vyote viwili, udongo unaleta maji na vile vitobo vinaleta hewa, na yako iko chini ya gata kwa hivyo inajaa, inashuka, inajaa tena.

Kufukuza ama kuita inategemea ni kuvu gani. 1961 watafiti wa Marekani walionyesha mbao iliyoozeshwa na kuvu inaitwa Gloeophyllum trabeum inatoa kemikali yenye mchwa wa huko wanaifuata. Hiyo ni ya kuozesha kahawia, mbao inageuka brauni na kupasuka vipande vya mraba. Lakini ule ukungu wa kijani wa juu juu mara nyingi wanaukwepa, na chambo, yaani kile chakula chenye dawa ya mchwa kinachowekwa kwa stesheni, ikishashika ukungu wanaweza kuiacha hata kama walikuwa wameanza kuila.

Chenye kinaniuma mimi ni hiyo kadi. Mbao ikiwa imeoza hivyo, "hakuna mchwa" haikuambii chochote juu ya mchwa, inakuambia tu mbao imekwisha. Inafaa iandikwe imeoza, iwekwe mpya kavu isiyo na rangi wala dawa, na uangalizi uanze upya kutoka hapo. Nyumba za watu zinaliwa mpaka kwa dari na kadi iko safi, inasikitisha sana.

Omusiani_Butula
Niongezee, na kwa hiyo ya kubadilisha niweke breki kidogo. Kama mbao imeoza na mchwa WAKO ndani wanakula, usiitoe, hao ukiwasumbua wanahama. Kubadilisha ni kwa ile imeoza na iko tupu.

Kingine, mama, ni mchwa gani? Huku kwetu Busia wengi ni wale wa kichuguu, wale wenye kumbikumbi wao tunakula. Hao wanapanda kuvu yao wenyewe ndani ya kichuguu, ndiyo ile inatoa uyoga mkubwa mvua ikinyesha, kwa hivyo si ati wanangoja mbao yako ioze ndio waile. Shida ni kwamba chambo nyingi za stesheni ni zile za kuzuia mchwa asijenge ganda jipya, kama hexaflumuron, na zilitengenezewa zaidi mchwa wa chini ya ardhi wa nchi zingine, wenye wafanyakazi wao wanaendelea kubadilisha ganda. Mfanyakazi wa kichuguu akishakomaa habadilishi tena. Usitarajie matokeo sawa na yale unasoma kwa karatasi ya kampuni.

Mama_Mamboleo
Asanteni sana ndugu zangu. Kichuguu kiko kwa fensi ya jirani, na kumbikumbi walitoka juzi watoto wakaokota. Sasa huyu jamaa akikuja nimwambie nini?

fundi_wadudu_Nakuru
Mwambie akutajie jina la dawa iliyo kwa chambo na kama imejaribiwa kwa mchwa wa kichuguu, si jina la kampuni, jina la dawa yenyewe. Halafu hiyo ya gata ihamishwe mahali maji hayatiririki, kitu nusu mita hivi kutoka ukuta, na nyingine zikae kama mita 3 kutoka moja hadi nyingine. Lazima moja iwe karibu na hiyo stoo, hapo ndio kazi iko. Huo udongo mweusi mkiuchimba msiache bakuli chini ya kikopo, maji yatalala humo.

Hizo njia za ukutani usizibomoe zote. Toboa mahali padogo tu uangalie kesho, wakiziba basi wako kazini, na hapo utawaona. Piga picha ya wale askari wenye vichwa vikubwa, weka na shilingi kando tuone saizi yao, Omusiani atakuambia ni wa kichuguu ama ni wengine.