Kigoma tunauziwa vitabu vya "mtihani wa kuingia udaktari", mtihani ambao Tanzania haupo!

Wakuu habari za saa hizi, naombeni mnisome mpaka mwisho maana toka jana usiku sijapata usingizi kwa hasira.

Nina mdogo wangu wa kike yuko form six, PCB (fizikia, kemia na bailojia), shule ya bweni ya serikali hukuhuku Kigoma. Toka yuko darasa la nne anasema atakuwa daktari, na kichwa anacho, simsifii kwa sababu ni damu yangu. Sasa mwaka jana mwezi wa sita karudi likizo, kuna kituo kimoja cha tuisheni hapa Mwanga wakamwambia mbele ya mama kwamba matokeo ya form six peke yake hayatoshi, eti siku hizi ukitaka kusoma MD (digrii ya udaktari) lazima ufanye mtihani wa kuingia chuo na wao ndio wenye vitabu vyake. Seti ya vitabu vitatu, fizikia, kemia na bailojia, 85,000.

Mama anaanika dagaa Kibirizi, na biashara yenyewe haijakaa sawa toka Ziwa Tanganyika lilivyofungwa watu wasivue ile miezi mitatu 2024. Akatoa. Ile ilikuwa hela ya mtaji, kaifungua kwenye pindo la kanga akaihesabu pale mezani kwao, noti za elfu mbili mbili na za elfu tano tano, mpaka ikatimia, na yule jamaa anaipokea huku anamwambia "mama hapa umemjenga mtoto". Mimi nilisoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza), sikujua lolote, nikakaa kimya. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Miezi sita mtoto kakomaa na vile vitabu. Kaunta buku tatu kazijaza.

Juzi ndo nikavishika mwenyewe. Ni fotokopi zimebanwa na ringi za plastiki, kava limeprintiwa hapahapa mjini lina picha ya mtu kavaa koti jeupe. Chini ya kila ukurasa kuna maandishi yamepakwa wino mweupe kabla ya kutolewa kopi, ila ukurasa wa 214 walisahau, pameandikwa NEET. Nikaingia mtandaoni. Wakuu, NEET ni mtihani wa India! Ndio wanaoutumia kuingiza wanafunzi vyuo vya udaktari huko kwao, maswali 180 yote ya kuchagua, ukipata moja unapewa maksi 4 ukikosa unakatwa 1, jumla 720. Kwa mtoto wa India ni vitabu vya maana kabisa, sina ugomvi navyo. Lakini mdogo wangu anafanya mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani) mwezi wa tano, anatakiwa aeleze kwa sentensi, achore na aweke lebo, halafu kuna pepa namba 3 ya praktiko kwa kila somo katika hayo matatu. Miezi sita amefundishwa kuweka tiki.

Na hapa kwetu hakuna mtihani wa kuingia MD ukitoka form six. Hakuna! Vyuo vinaangalia matokeo yako ya NECTA, prinsipo (ufaulu kamili wa form six) tatu za fizikia, kemia na bailojia, na ushindani ni wa pointi. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanatoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, kiko bure kwenye tovuti yao, sifa za kila chuo zimeandikwa mle. Yule jamaa anajua hilo vizuri kabisa.

Kuna kubwa zaidi. Kule nyuma ya vitabu wamebandika majibu waliyoyachapa wenyewe. Nikapiga picha nikamtumia mwalimu wa kemia wa dogo, swali la ethanoli ukiichemsha na asidi ya salfuriki kali kwenye nyuzi 170. Wao wameandika unapata etha. Mwalimu akanipigia hapohapo, anasema etha ni kwenye nyuzi 140 ethanoli ikiwa nyingi, kwenye 170 maji yanatolewa unapata ethene, na hilo ni swali la kila siku. Nikamuuliza dogo bila kumwambia kitu, akanijibu harakaharaka, "etha, kaka". Nilitoka nje.

Huyohuyo mwalimu ndo kanielekeza kwenye tovuti ya NECTA kuna ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo, bure. Mle wameweka mpaka kopi ya karatasi ya mtahiniwa aliyejibu vizuri na ya aliyeharibu, mwandiko wake kabisa, na wanaeleza kakosea wapi. Na TET (Taasisi ya Elimu) wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, bure pia. Tumekaa na dogo usiku mzima kwa bando la 2,000 tunazisoma ripoti za bailojia, ikafika mahali akafunga simu akaniuliza, "kwa hiyo mama alitoa hela ya nini?" Sikuwa na jibu.

Praktiko ndo inanitisha zaidi, bureti (bomba la kupimia kimiminika maabara) kaishika mara mbili tu toka aanze form five, na kile kitabu hakina hata ukurasa mmoja wa titresheni.

Jumapili anarudi shule na pasipepa za NECTA nilizomprintia, imebaki miezi minne. Seti ninayo mimi hapa. Jumatatu saa mbili asubuhi naenda nayo pale kituoni na mama, wanirudishie 85,000 yake, wakikataa tunaanzia ofisi ya mtaa halafu polisi. Kama na wewe uliuziwa hiyo seti, uwe Mwanga, Ujiji, Gungu au hata Kasulu, njoo inbox twende wengi, na usije mikono mitupu, beba na kitabu chako ufungue ukurasa wa 214.