Nilikuwa na askofu na askari wawili dhidi ya farasi, ikaisha sare. Nilikosea wapi?

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, tuna kijiwe cha chesi kila Jumamosi huku Majengo, wengi tumehamia kutoka drafti. Juzi nilicheza na mzee mmoja ambaye sijawahi kumfunga. Mimi weupe. Mwishoni nina mfalme f5 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), askofu e2, askari g4 na h5. Yeye mfalme g7 na farasi f6, basi. Zamu yangu.

Nikajiona bingwa, nikatuliza askofu d1. Mzee akamla askari wa g4 kwa farasi wake, bure kabisa! Nikamla farasi huku nacheka. Akajichimbia kwenye kona: h8, g8, h8, g8. Mwisho nikasukuma askari h7, mfalme wangu yuko g6, akakosa pa kwenda na sheki hakuna, yaani mfalme wake hajashambuliwa. Sare. Kijiwe kizima kikanizomea. Nisaidieni.

KeteMoja: Hana kete, hana pa kwenda, si umemfunga huyo? Ungedai pointi yako.

Mtoto wa Mbuyuni: Acha kumpotosha mwenzio. Bila sheki hakuna kufungwa, kila mtu nusu pointi.

Fundi Saa: Mkuu, farasi hakutolewa bure. Askofu wako anatembea miraba myeupe, na h8, ambako askari wa h anakwenda kugeuka malkia, ni nyeusi. Mfalme akishaingia hapo humtoi hata mcheze mpaka Pasaka. Mzee aliliona hilo, wewe ukawa unahesabu kete.

Dawa ilikuwa h6, sheki! Akimla askari, unamla farasi f6, unabaki na askari wa g, na g8 ni nyeupe, nyumbani kwa askofu wako. Akikimbilia f7 kumlinda farasi, askofu c4, sheki tena, hapumui. Kwingine kote farasi analiwa bure.

Mleta uzi: Daah! Yaani huyo wa h niliyemlea mchezo mzima ndiye alikuwa mzigo?

Fundi Saa: Ndiyo huyo.

Mtoto wa Mbuyuni: Ingia Lichess, tovuti ya chesi, ni bure. Kete zikibaki saba kushuka, wafalme wakiwemo, inakupa jibu la uhakika. Zenu zilikuwa sita.

Mleta uzi: Nimeweka sasa hivi. d1 sare, h6 ushindi. Shikamoo mzee, popote ulipo.

KeteMoja: Mimi bado naona ungedai pointi.