Nalipia megabiti 500 za faiba, lakini kebo inaishia 94: tatizo liko wapi?

Mpangaji

Ndugu zangu, salamu.

Nina intaneti ya faiba nyumbani yenye kasi ya megabiti 500 kwa sekunde za kupakua na 50 za kupakia. Kifaa cha mtoa huduma kinachopokea faiba kiko sebuleni, na ruta imewekwa kando yake. Tangu nilipofungiwa huduma sijawahi kuiona kasi hiyo, na kinachonitatiza zaidi ni kwamba kila kifaa kinatoa jibu lake. Kompyuta mpakato ya chumba cha kazi, iliyounganishwa kwa kebo iliyopitishwa ndani ya ukuta, hupata 94 bila kupanda wala kushuka, iwe usiku wa manane au jioni. Simu yangu ikiwa sebuleni hufika 380, lakini nikiingia nayo chumba cha kulala, kuta mbili zaidi, huanguka hadi 60, na jioni hupungua tena. Kompyuta ya mezani ya zamani, ambayo hutumia Wi-Fi, haijawahi kuvuka 45 hata nikiisogeza karibu kabisa na ruta.

Mtoa huduma anasema upande wake hauna hitilafu, na amenishauri nihamie kifurushi cha megabiti 1000. Kabla sijaongeza malipo ningependa kujua: kasi yangu inapotelea wapi, na nianze kukagua wapi?

FundiKebo

Ndugu Mpangaji, usihamie kifurushi kikubwa kwa sasa, kwa sababu namba ulizozitaja zinatosha kuonyesha kwamba kikwazo kiko ndani ya nyumba.

Anza na hiyo 94. Kasi inayobadilika kulingana na saa huashiria msongamano, lakini kasi inayosimama palepale mchana na usiku huashiria kwamba kuna kiungo kilichojifunga kwenye kiwango chake cha juu. Kiungo cha Ethernet (mtandao wa kebo) cha megabiti 100 kinapojaa kabisa huacha takriban 94 au 95 kwa data yenyewe, kwa kuwa kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, hubeba pia anwani na taarifa nyingine za uendeshaji ambazo kipimo hakizihesabu. Kwa hiyo kompyuta yako na ruta zimekubaliana kuzungumza kwa megabiti 100, na hata ukinunua kifurushi cha 1000 utaendelea kuiona 94 ileile.

Sababu ya makubaliano hayo ni moja kati ya mambo machache. Huenda mlango wa ruta au wa kompyuta ni wa megabiti 100 tu, jambo ambalo bado lipo kwenye vifaa vya bei nafuu. Huenda pia kuna swichi ya zamani (kisanduku cha kugawa kebo za mtandao) iliyofichwa mahali fulani katikati. Lakini kwa kuwa kebo yako imepita ukutani, mimi ningeishuku kebo kwanza. Ndani yake kuna nyaya nane zilizosokotwa kwa jozi nne. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, ile ya chungwa na ile ya kijani katika mpangilio uliozoeleka, ilhali kasi ya gigabiti moja hudai jozi zote nne ziwe nzima. Waya mmoja wa bluu au wa kahawia ukikatika, au usipobanwa vizuri kwenye soketi, vifaa vingi havitoi onyo lolote, bali hushuka kimyakimya hadi 100 na kuendelea kufanya kazi. Ndiyo maana hitilafu hii inaweza kukaa miaka bila mtu kuitambua.

Fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta utazame kasi ya kiungo. Katika Linux amri ya ethtool huionyesha. Ukikuta 100, ibebe kompyuta hadi sebuleni na uiunganishe na ruta kwa kebo fupi unayoiamini. Ikipanda hadi 1000, basi kosa liko kwenye kebo ya ukutani au soketi zake, wala huna haja ya kununua ruta. Nakusihi usiibadilishe kebo hiyo kwa hizi za kisasa za bei kubwa, kwa sababu kebo ya kawaida ya daraja la Cat 5e iliyo nzima hubeba gigabiti moja hadi mita 100, na hakuna chumba cha nyumba ya kawaida kilicho mbali kiasi hicho.

Kipimo hicho cha pale penye ruta, kwa kebo fupi na Wi-Fi ikiwa imezimwa, ndicho msingi wa vipimo vingine vyote. Bila hicho huwezi kumlaumu mtoa huduma kwa haki, wala yeye hawezi kujitetea kwa haki.

Mawimbi

Nakubaliana na FundiKebo kuhusu kebo. Mimi niongeze upande wa Wi-Fi, kwa sababu vifaa vyako viwili vinaeleza habari mbili tofauti.

Kompyuta ya mezani yenye 45 karibu na ruta inaelekea kuwa na kipokezi cha kizazi cha nne cha Wi-Fi (Wi-Fi 4) chenye antena moja kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Kipokezi cha namna hiyo huandika kasi ya juu ya megabiti 72 kwenye skrini, na matumizi halisi ya Wi-Fi huwa karibu nusu hadi theluthi mbili ya namba inayoandikwa. Hapo 45 ni haki yake. Hakuna mpangilio wa ruta utakaoibadilisha. Ama uipe kipokezi kipya, ama uivutie kebo.

Simu ni jambo jingine. Ile 380 ya sebuleni inaonyesha kwamba iko kwenye gigahezi 5, ambako ruta hutumia chaneli (vipande vya masafa) pana za megahezi 80. Simu yenye antena mbili za kizazi cha tano cha Wi-Fi (si 5G ya mtandao wa simu) huandika 866, na ya kizazi cha sita huandika 1201, kabla ya kupunguza kile nilichokieleza. Kwa bahati mbaya mawimbi ya gigahezi 5 hudhoofika haraka yanapopita ukutani, hasa ukuta wa zege au wenye nondo, na simu ikiona yamedhoofika hukimbilia 2.4. Katika masafa hayo ya chini kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana zinapotumiwa kwa upana wa megahezi 20, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na majirani wote wanazigombania. Hapo ndipo ilipotoka 60 yako, na ndiyo sababu jioni inapungua: watu wamerudi nyumbani na ruta zao zinazungumza.

Wi-Fi ni kama baraza lenye watu wengi ambamo msemaji ni mmoja kwa wakati mmoja, na wengine husubiri anyamaze. Kifaa cha polepole kilichoshika chaneli huchukua muda mrefu kusema maneno yaleyale, kwa hiyo kompyuta ile ya zamani inapopakua kitu kikubwa huwapunguzia muda wengine wote walio kwenye masafa yake. Kuihamishia kwenye kebo kutakisaidia kila kifaa kilichobaki hapo.

Kwa chumba cha kulala, jaribu kwanza kuitoa ruta kwenye kona au nyuma ya televisheni na kuiweka mahali pa wazi, juu, karibu na katikati ya nyumba. Isipotosha, weka kituo cha pili cha Wi-Fi, lakini kiunganishwe na ruta kwa kebo. Vile virudisha-mawimbi vinavyochomekwa ukutani na kupokea Wi-Fi ili kuirusha tena hulazimika kusema kila neno mara mbili, na vikitumia redio moja kwa kazi zote mbili hupoteza karibu nusu ya kasi. Sivipendekezi kwa mtu anayelipia faiba, isipokuwa kama kuvuta kebo haiwezekani kabisa.

Mpangaji

Nawashukuru sana kwa maelezo haya. Nimefungua soketi ya chumba cha kazi, nikakuta jozi ya kahawia haikuingizwa kabisa. Imekunjwa nyuma ya soketi. Fundi ameifunga upya, na sasa kebo inatoa kati ya 465 na 475. Kituo cha pili nitakivutia kebo kama alivyoshauri Mawimbi.

Yamebaki mambo mawili. La kwanza, picha za familia zinapoanza kupakiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, mazungumzo ya video hukatika na hata kupakua kunakuwa kwa kusuasua, ingawa nina megabiti 500 za kupakua ambazo hakuna anayezitumia. Nimewasha mpangilio wa kipaumbele kwenye ruta. Mazungumzo yametulia, lakini kasi ya kupakua imeshuka hadi 250. La pili, kuna faili kubwa za kazi ninazozichukua kutoka seva iliyo bara jingine, na hizo hazivuki 40 hata kwa kebo iliyorekebishwa.

FoleniFupi

Ndugu Mpangaji, hayo mawili yana sababu tofauti, na hakuna linalotokana na faiba yenyewe.

Nianze na upakiaji, ambao ndio unaowaumiza watu wengi bila wao kujua. Njia yako ya kwenda nje ni megabiti 50. Programu ya picha ikiijaza, pakiti hupanga foleni ndani ya ruta au kifaa cha mtoa huduma, na vifaa vingi vina akiba kubwa mno ya kuweka pakiti zinazosubiri, kiasi kwamba foleni inaweza kufika mamia ya milisekunde. Sauti ya mazungumzo yako inasubiri humo nyuma ya picha. Kupakua nako kunasuasua kwa sababu kila unapopokea data, kompyuta yako hutuma uthibitisho wa kuipokea, na seva ikishatuma kiasi fulani haileti nyingine hadi uthibitisho ufike. Uthibitisho huo nao umekwama kwenye foleni ileile.

Kipimo cha kasi cha kawaida hakionyeshi tatizo hili. Pima muda wa kwenda na kurudi wa pakiti wakati njia imetulia, kisha upime tena wakati picha zinapakiwa. Ukitoka milisekunde 15 hadi 300, umeipata foleni.

Dawa yake ni ruta kuzuia upakiaji chini kidogo ya uwezo wa njia, tuseme 45, na kuigawa foleni kwa haki kati ya mazungumzo na picha. Utaratibu wa FQ-CoDel, ulioandikwa rasmi katika waraka wa kiufundi wa intaneti RFC 8290 wa mwaka 2018, hufanya kazi hiyo vizuri sana, na ruta nyingi za leo zinao chini ya jina moja au jingine. Sasa, kwa nini kasi yako imeshuka hadi 250? Ruta nyingi za nyumbani hufikia mamia ya megabiti kwa kupitisha pakiti kwenye saketi maalumu, pasipo kuisumbua prosesa kuu. Ukiwasha kipaumbele, udhibiti wa watoto au takwimu za matumizi, mara nyingi njia hiyo ya mkato huzimwa, na kila pakiti hupita kwenye prosesa kuu, ambayo ni dhaifu. Yaelekea 250 ndio uwezo wa prosesa yako.

Kama ruta inakuruhusu kudhibiti upakiaji peke yake na kuacha upakuaji huru, fanya hivyo kisha upime tena. Kama hairuhusu, zima kipaumbele na uweke kikomo ndani ya programu ya picha yenyewe, kwa mfano megabiti 30, au uipangie ipakie usiku. Mimi ningechagua njia hii ya pili kabla ya kununua ruta mpya. Na kama ingenilazimu kuchagua kati ya 250 zisizokatika na 475 zinazokatisha mazungumzo, ningechukua 250 bila kusita.

Kuhusu seva ya mbali, chanzo ni umbali. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 haiwezi kukujibu kabla ya milisekunde 100, na kwa njia halisi zinazopindapinda mara nyingi hufika 200. Ili kuijaza njia ya megabiti 500 katika hali hiyo, megabaiti 12.5 (yaani megabiti 100) zinapaswa kuwa safarini wakati wote bila kusubiri uthibitisho. Seva nyingi haziruhusu kiasi hicho kwa muunganisho mmoja, na pakiti chache zikipotea njiani kasi hupunguzwa tena. Tumia programu ya kupakua inayofungua miunganisho kadhaa kwa pamoja, au uulize kama kuna nakala ya faili hizo kwenye seva ya karibu.

Mpangaji

Nimeweka kikomo cha 30 kwenye programu ya picha na kuzima kipaumbele. Mazungumzo hayakatiki, na upakuaji umerudi juu ya 460. Faili za kazi kwa miunganisho kadhaa zimepita 200. Swali langu la mwisho: ni hali gani basi itakayonipa sababu halali ya kurudi kwa mtoa huduma?

FundiKebo

Ni pale ambapo kompyuta yenye kiungo cha 1000, iliyounganishwa kwa kebo fupi na vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa, inapata kasi yake asubuhi na kuikosa kila jioni. Katika mtandao wa GPON, yaani aina ya mtandao wa faiba unaogawanywa kwa nyumba nyingi, nyumba kadhaa, mara nyingi 32 au 64, hugawana gigabiti 2.488 za kupakua kwenye faiba moja, na huko mbele zaidi zinagawana njia nyingine na mitaa mingi. Kipunguo cha jioni kwa kebo kinamhusu mtoa huduma, nawe hauna la kurekebisha. Andika tarehe, saa, matokeo na seva uliyoitumia kupimia kwa wiki moja, kisha umpelekee kwa maandishi.

Hali nyingine ni kukatika kwa mara kwa mara au taa nyekundu kwenye kifaa cha faiba. Ukurasa wa mipangilio ya kifaa hicho mara nyingi huonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa. Vifaa vingi vya GPON hupokea vizuri hadi kama dBm -27 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga; namba ikizidi kwenda chini ya sifuri, mwanga ni hafifu zaidi), na thamani inayokaribia hapo inatia wasiwasi. Lakini tofauti kati ya -15 na -22 haiongezi wala kupunguza kasi, kwa hiyo mtu akikuuzia marekebisho ya kutoka huku kwenda kule kwa ahadi ya kasi kubwa zaidi, mkatalie. Ukikuta namba mbaya, angalia kwanza kama waya wa faiba nyuma ya kabati umekunjwa kwa kona kali, uulegeze taratibu, na usiuchomoe kichwa chake bila kuwa na kifaa cha kukisafishia, kwani vumbi dogo kwenye ncha ya kioo linatosha kuuzuia mwanga.