Skonzi za moto zenye nyama kwa wageni 80: zisilowe, zisipoe

Dada wa Sahare
Assalaam alaykum wapishi, na wengine wote habari zenu. Jumamosi ya wiki ijayo tuna akika ya mtoto wa kaka yangu, hapa hapa Tanga. Ni wa kiume, mbuzi wawili wanachinjwa asubuhi, na pilau ya mchana imeshapata wapishi wake. Mimi nimepewa kitafunio cha jioni. Maulidi yanasomwa baada ya Alasiri, watu kama 80, wengi watakaa kwenye majamvi uani, kwa hiyo chakula cha sahani na kijiko hakitafaa. Sambusa na kababu wamezizoea, kila shughuli ni hizo. Nataka skonzi ndogo zilizotiwa nyama, ziliwe kwa mkono, na zimfikie mtu zikiwa bado za moto pamoja na chai ya maziwa.

Nimeshazila kwenye arusi moja. Chini zilikuwa zimelowa mpaka mkate unabaki kwenye karatasi, na nyama imepoa. Sitaki mgeni wa kaka yangu apewe kitu kama kile. Naomba mnieleze: nyama niipikeje, nihesabu skonzi ngapi, na nizipashe vipi zote kwa pamoja? Ninayo oveni ya umeme ya nyumbani, ya rafu mbili.

Mkwakwani
Hesabu mbili kwa mtu mzima, halafu ongeza za vijana na za wale wanaofungiwa kupeleka nyumbani. Usiende chini ya 200.

Shangazi wa Barabara ya Nane
Waalaykum salaam mwanangu, Mungu amkuze huyo mtoto. Kitafunio hiki nakipika sana kwenye shughuli na nakipenda, maana mtu anashiba vizuri na waandazi hawahangaiki na vyombo.

Nyama kwanza. Anayejua kukausha nyama ya sambusa ameshamaliza nusu ya kazi. Mbuzi wakishachunwa, chukua mapaja, toa mifupa, peleka buchani wakusagie. Bandika sufuria pana, usitie maji, usitie mafuta. Tia nyama, kitunguu saumu na tangawizi mbichi vilivyotwangwa, chumvi, pilipili manga, bizari nyembamba ya unga, kamulia ndimu. Vuruga kwa mwiko moto ukiwa wa wastani, usiache mabonge. Itatoa maji yake. Usiyamwage, ladha yote imo humo. Yaache yakauke mpaka uisikie nyama inaanza kulia kwenye sufuria, ndipo uipue. Kitunguu maji usikipike. Kikate chembamba, kitie chumvi, kikamue kwa mkono mpaka kiache maji, kisha kichanganye na kotimiri kwenye nyama iliyokwisha kuipuliwa. Nyanya haiingii kabisa ndani ya skonzi inayorudi kwenye moto. Kachumbari iweke bakulini, anayetaka atajitilia.

Kilo moja ya nyama ya kusaga ikikauka vizuri inabaki kama robo tatu, na ukipima kijiko cha kulia kilichojaa kwa kila skonzi, inajaza 25 hivi. Kwa skonzi 200 unahitaji kilo 8 mbichi. Mbuzi wawili wanaweza wasitoe hizo baada ya pilau, kwa hiyo zungumza na wapishi wa pilau mapema, au ongezea nyama ya ng'ombe.

Sasa mkate, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wananunua skonzi zilizofungwa kwenye mifuko, wanapasua moja moja, wanajaza moja moja. Utakesha, na kila moja itapoa kivyake. Nenda bekari ukaagize trei nzima nzima, uwaambie wasizikwanyue. Skonzi huokwa zikiwa zimegusana, basi ziache vivyo hivyo. Trei ya 4 kwa 6 ina 24, trei 9 zinakupa 216. Chukua zilizookwa Ijumaa. Mkate uliolala unakatika vizuri, wa siku ile ile unavurugika kwenye kisu.

Shika kisu cha meno, laza trei nzima, ipasue katikati kwa upana kama unavyopasua keki ya kutia krimu. Unapata kifuniko kimoja na kitako kimoja. Kitako kipake siagi hadi pembeni, kiingize ovenini dakika 5 kipate kukauka juu. Siagi na ule ukavu ndivyo vinavyozuia mkate usinywe mchuzi. Kama mfuko unaruhusu, kwangua chizi kidogo juu ya kitako na kidogo juu ya nyama, inayeyuka na kushika nyama isimwagike kwenye kanzu za watu. Tandaza nyama, funika na kifuniko chake, yeyusha siagi na kitunguu saumu upake juu, nyunyiza ufuta. Funika foili, moto wa 180, dakika 15. Toa foili, ongeza dakika 5 juu pakauke. Ikitoka ndipo ukate vipande kwa kufuata mistari ya skonzi.

Mtoto wa Pongwe, sasa Columbus
Shangazi kaeleza sawa kabisa. Huku Ohio sherehe za watoto kumaliza shule, mwezi wa Mei na Juni, kila nyumba ina trei ya namna hii. Wanatumia mikate midogo myororo, mitamu kidogo, iliyoshikana, na wanapasua trei nzima kwa mpigo. Wengi wao hutia nyama ya nguruwe na chizi, sisi tunatia kuku au ng'ombe. Mikate midogo ya nyama ni ya zamani hapa Marekani: White Castle, wenye migahawa ya mikate hiyo, walianza kuiuza Wichita, Kansas, mwaka 1921, na makao yao makuu yako hapa Columbus. Nyama yao inaivia juu ya kitunguu kilichokatwa, na mkate unawekwa juu yake upate mvuke. Ndiyo maana mkate wao ni laini sana. Lakini ule unaliwa dakika ile ile. Kwa shughuli ya kusubiri, fuata ukavu wa shangazi.

Mwana wa Kuze
Huku Mombasa twatia katlesi ndogo za viazi na nyama badala ya nyama ya kukausha. Nyama yapungua karibu nusu na katlesi haimwagiki. Chatini ya ukwaju iwe pembeni. Ila kazi ni mara mbili, maana lazima uzikaange kwanza, kwa hivyo uwe na watu wa kukusaidia.

Dada wa Sahare
Shikamoo shangazi. Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Nimebaki na mawili. Trei 9 na oveni yangu ya rafu mbili, za kwanza hazitapoa nikisubiri za mwisho? Na umeme ukikatika je? Wiki hii umekatika mara kwa mara.

Shangazi wa Barabara ya Nane
Marahaba mwanangu.

Trei mbili kwa dakika 20, duru tano, ni saa moja na dakika 40. Anza maulidi yanapoanza. Kila duru ikitoka, kata, panga kwenye hotipoti kubwa uliyoipasha kwa maji ya moto ukaifuta ikakauka, na chini ya kifuniko tandaza kitambaa safi cha pamba. Bila kitambaa, mvuke utageuka matone na kurudi kwenye mkate, na hicho ndicho kilichotokea kwenye arusi uliyoisema. Trei za rafu ya chini na ya juu zibadilishane katikati ya duru, maana oveni za nyumbani huunguza upande mmoja.

Umeme ukikatika usihangaike. Chukua sufuria pana nzito yenye kifuniko bapa, weka mawe madogo chini, juu yake trei. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, palia kama unavyopalia mkate wa kumimina. Foili usiiweke, sufuria imeshafunika. Chungulia baada ya dakika 10. Mwambie mtu aandae majiko mawili ya mkaa tangu Alasiri hata kama umeme upo, mkaa hauwaki kwa kuombwa.

Muuguzi Bombo
Naongezea moja la usalama. Ukikausha nyama Ijumaa usiku, usiiache sufuriani usiku kucha. Itandaze kwenye masinia ipoe upesi, iingie kwenye friji ndani ya saa 2. Kitunguu kiingie Jumamosi. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kinachosubiri kuliwa kibaki juu ya nyuzi 60. Kwenye joto la Tanga mimi sisubiri hata hizo saa 2. Na nyama ya friji ipashe kwanza mpaka itoe mvuke ndipo uijaze, maana dakika 20 za oveni hazifiki katikati ya nyama baridi.

Shangazi wa Barabara ya Nane
Kweli kabisa. Mbuzi wanachinjwa Jumamosi, lakini ya ng'ombe ya kuongezea ataipika Ijumaa, basi afanye hivyo hivyo.

Na wewe mwanangu, kabla hujaenda bekari, pima upana wa oveni yako kwa kipande cha kamba, uende nacho. Trei za bekari nyingine ni kubwa kuliko oveni ya nyumbani. Zikiwa kubwa, waambie wakukatie kila trei vipande viwili, wasizikwanyue moja moja.