Naomba ushauri: mwanariadha wangu akishinda anasema bahati, akishindwa anasema hana kipaji

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nafundisha riadha vijana huku Temeke. Kuna binti wa miaka 16, mbio zake ni mita 800. Akishinda: "Wenzangu walikuwa wamechoka." Akishindwa: "Sikuzaliwa na kipaji." Yaani ushindi haumjengi, na kila kushindwa kunamkata maini. Siku hizi anakosa mazoezi, na inaniuma kwa sababu uwezo anao kabisa.

Mwanasaikolojia Bernard Weiner wa Marekani alieleza kwamba sababu anayojipa mtu hupimwa hivi: imetoka ndani yake au nje, inabadilika au la, na je, anaweza kuidhibiti. Kipaji, machoni pa binti huyu, hakibadiliki. Kwa hiyo nilimwonyesha muda wa kila mzunguko: wa kwanza alitoka kwa kasi mno, wa pili akakata pumzi. Hilo linarekebishika. Alinielewa, ila mbele ya wenzake akarudia yale yale. Kumwambia "ongeza bidii" naogopa, maana bidii anayo. Akishindwa tena ataona imethibitika.

Mliowahi kufundisha mabinti wa umri huu, mnaongea nao papo hapo baada ya mbio au kesho yake? Na mama yake humwambia "si fungu lako". Nimfuate nyumbani tuzungumze, au nitaharibu?